Kikosi Kilichonyolewa

Johannesburg,
8 Machi 1998

Mwanangu Atupele,

Watson wa malori atakapokuletea boksi la viatu lililofungwa kamba kila upande, usimwambie mama yako kwamba nimemnunulia viatu, maana atakasirika akifungua. Ndani kuna watu.

Niliwaandikia kwamba nafagia duka la michezo, na najua nyote mlifikiri ni mpira. Siyo. Hapa watu wazima wenye ndevu na magari yao hukaa kuzunguka meza kubwa, kila mmoja amepanga jeshi lake la vinyago vya urefu wa kidole gumba. Mmoja ana mazimwi, mwingine ana mifupa inayotembea, mwingine ana watu wembamba wenye masikio marefu. Wanapima kwa futi nani amesogea wapi, wanarusha dadu, halafu wanagombana kama wake wenza. Siku ya kwanza nilicheka mpaka mzee mwenye duka akanitazama vibaya. Lakini vinyago hivyo huuzwa vikiwa vya kijivu, na kila mtu anavipaka rangi mwenyewe. Mzee alinifundisha ili nimsaidie kupaka vile vya kukaa kwenye kabati la kioo mbele ya duka, na sasa ufagio ameushika mwingine.

Wewe uliwahi kuchapwa kwa kuchora ukuta wa jiko kwa mkaa. Mimi sikukuchapa, nilisimama nje nikatazama ule mchoro mpaka giza likaingia. Sekondari haikuwezekana, najua inakuuma, na mimi inaniuma zaidi. Kwa hiyo jifunze hili. Nimekutumia kikosi cha wale wenye masikio marefu, rangi, brashi na udongo kidogo wa kuumbia.

Kwanza waoge kwa maji ya sabuni, wametoka kiwandani na mafuta. Mgandishe kila mmoja juu ya kizibo cha soda upate pa kushika. Mpake nyeusi ya msingi mwili mzima, akauke. Rangi usiitie ikiwa nzito, iongezee maji mpaka iwe kama maziwa. Anzia ndani ya mikunjo, malizia nje.

Yule mfupi mwenye ndevu na shoka si wako. Ni wa mama yako. Mzee mwenye duka anasema tunafanana.

Baba yako,
Lusubilo


Igamba,
2 Aprili 1998

Baba, shikamoo.

Boksi limefika. Watson anasema pale mpakani Nakonde watu wa forodha walipanga vinyago vyote juu ya kaunta wakataka kujua hii ni dini gani. Mama alivitoa kimoja kimoja akavisimamisha mezani, akavitazama, kisha akasema umekwenda mbali kote huko kutafuta watu wasio na rangi. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Nimeharibu wa kwanza. Rangi ilikuwa nzito, pua na mdomo vikazama, akawa kama aliyemwagiwa uji. Wa pili sikumsubiri akauke. Nilitaka kuacha. Mama akaniambia nifanye kama tunavyopaka nyumba udongo: mkono wa kwanza mwembamba, unauacha ukauke, ndipo unarudia. Wa tatu ametoka na pua, na nadhani hata ukimwona utajua kwamba ana hasira.

Yule mfupi sijaruhusiwa kumgusa. Mama anampaka mwenyewe akiwa amenigeuzia mgongo. Ameshakosea, akamwosha kwa mafuta ya taa, akaanza upya. Ninapomuuliza anampaka rangi gani, ananiambia nikaangalie maharage.

Maneno ya mama haya hapa, amesema niyaandike kama alivyoyasema: Nakusalimu Baba Atu. Mtoto ana mkono mzuri, hukukosea. Lakini ukimaliza kucheza na midoli, huku kuna kahawa inataka watu, na ule mlango wa jiko uliosema utautengeneza bado umeegeshwa na jiwe.

Mwanao,
Atupele


Johannesburg,
26 Aprili 1998

Fundi Atupele,

Huyo mwenye uso wa uji usimtupe. Muweke dirishani, siku moja utamtazama ukiwa umeshajua kazi.

Sasa nakupa siri ya duka. Ukishamaliza rangi zote, chovya brashi kwenye rangi iliyofifia kidogo, halafu ifute kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu. Mpitishie juu juu kama unayempangusa vumbi. Kila kilichoinuka kitashika mwanga: mikunjo ya nguo, vidole, na hasa nywele. Nywele ndizo fahari ya hawa watu, zinashuka mpaka kiunoni, na wateja hutazama nywele kabla ya uso. Macho uyaache mwisho. Nukta nyeupe, kisha nukta nyeusi kwa ncha ya sindano, ukiwa umezuia pumzi. Ukitaka kubadilisha kitu, mkono au silaha au kichwa, kata kwa wembe na ugandishe, ni ruhusa. Hapa wanaoweza kubadilisha ndio wanaoheshimiwa. Chini ya miguu gandisha mchanga ili wasionekane wamesimama juu ya plastiki.

Wakiwa tayari nitumie. Nitawaweka kwenye kabati la kioo, na watu wa Johannesburg watakuja kutazama kazi ya Igamba.

Mama Atu, mlango nimeusikia. Nitautengeneza Krismasi. Nikitoka huku sitaruhusiwa kurudi, karatasi zangu unazijua, kwa hiyo nataka nikitoka niwe nimepata bati za nyumba nzima. Nivumilie kidogo tu. Na yule mfupi unampaka nini?

Lusubilo


Tunduma,
25 Mei 1998

Atupele mwanangu,

Nashindwa hata kukusalimia, kwa kuwa hakuna mzima kati yetu tangu tumzike mama yako. Enesi alikuwa mke wa mdogo wangu, lakini nyumbani kwake sikuwahi kuondoka bila kula. Homa ile haikutupa hata nafasi ya kumfikisha hospitali Vwawa. Juzi siku ya kunyoa wafiwa nilikutazama ulivyokaa kwa adabu wembe ulipopita kichwani, na mimi niliyenyolewa kabla yako ndiye niliyelia.

Watson amenifikia hapa dukani na bahasha uliyompa ampelekee baba yako. Sijaifungua. Najua kilichomo, nakurudishia.

Kwetu msiba hauandikwi, Atupele. Mtu huambiwa akiwa amekaa, watu wake wakiwa kulia na kushoto kwake wa kumshika. Usidhani ni ushamba wa wazee. Ndugu yetu Osward aliandikiwa kifo cha baba yake akiwa Kitwe. Aliisoma barua peke yake chumbani, na wenzake walipovunja mlango walimkuta nayo miguuni, yeye ananing'inia. Baba yako naye yuko peke yake kule, na unajua alivyompenda mama yako. Sitaki awe wa pili.

Nitakwenda mwenyewe. Nafuatilia hati ya kusafiria, na kahawa ikishauzwa nitaondoka, nitamkalisha chini nimwambie. Mpaka hapo ukimwandikia usitaje. Nimekuomba kama baba. Ukishindwa kudanganya, nyamaza tu. Watson naye ameniahidi.

Baba yako mkubwa,
Abrahamu


Igamba,
7 Juni 1998

Baba, shikamoo.

Kikosi kimekamilika, nakutumia chote na Watson. Nakuomba uwatazame vizuri, mmoja mmoja, mahali penye mwanga. Nimefanya kama ulivyosema, nimebadilisha kitu. Nimekibadilisha kwa wembe kwa askari wote, hakuna niliyemwacha. Nimekusudia, baba. Sikukosea.

Chini ya miguu nimewawekea udongo wetu mwekundu badala ya mchanga. Nimeuchota mahali.

Macho nimeyachora nikiwa nimezuia pumzi. Yametoka mazuri kuliko nilivyotegemea, lakini yanatazama chini.

Salamu za mama leo sina. Yule mfupi alimmaliza. Yuko na mama.

Watazame vizuri.

Mwanao,
Atupele


Johannesburg,
28 Juni 1998

Fundi wangu,

Nimewafungua hapa mezani na mzee mwenye duka akiwa ameinama begani kwangu. Ule udongo nimeunusa kabla sijatazama kitu kingine. Nguo umezipaka vizuri mno, mzee alimshika mmoja akamgeuza geuza na kuguna, na yule mzee haguni ovyo. Nyuso zina huzuni ambayo sikukufundisha.

Lakini nywele, Atupele. Umezikwangua zote mpaka ngozi. Unasema ulikusudia. Kila anayejifunza husema hivyo, hata mimi nilisema hivyo nilipomkata zimwi sikio. Najua kilichotokea: rangi iliganda kwenye nywele, ukajaribu kuikwangua kwa mmoja, ikabidi wote wafanane. Usione aibu. Nimechukua ule udongo wa kuumbia, nimekaa nao jioni baada ya jioni, nimewarudishia nywele kichwa kimoja baada ya kingine, unywele kwa unywele kwa ncha ya sindano. Sasa wako kwenye kabati la kioo na nywele zao mpaka kiunoni. Wamependeza kama watu wanaokwenda harusini.

Sasa nikuulize jambo. Mama yako hajanitumia neno hata moja. Ni mara ya kwanza barua inakuja bila matusi yake ya mlango. Amekasirika, sivyo? Ni kwa sababu ya Krismasi niliyoisema, anaona ni mwaka mwingine tena. Na Watson siku hizi ananiachia mzigo kwa mlinzi na kuondoka, hata chai yangu hataki, nadhani naye amesikia ninavyosemwa huko nyumbani.

Nimewaza namna ya kumtuliza. Nakutumia malkia wa kikosi hiki pamoja na wapambe wake. Mpake huyo malkia awe mama yako. Mpe sura yake, mvalishe kile kitenge chake cha bluu chenye ndege. Nitamweka katikati ya kabati, juu ya wote, na umwambie kwamba kila anayepita barabara hii atamwona yeye kwanza.

Baba yako,
Lusubilo


Igamba,
19 Julai 1998

Baba mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimeshindwa. Nimekutii, sijataja. Lakini nilidhani baba angeona. Niliwanyoa wale askari wote kwa wembe uleule uliotunyoa sisi, udongo nikauchota kaburini, nikamwambia awatazame. Amewatazama. Amewarudishia nywele.

Sasa anadhani mama amemkasirikia. Anataka nimpake malkia kwa sura ya mama ili amwombe msamaha. Baba mkubwa, anamwomba msamaha mtu ambaye tumemzika, na mimi ndiye ninayepokea. Kila nikiupaka uso ule naufuta. Naomba uniruhusu nimwambie. Nitaandika vizuri, nitaandika polepole. Au uende sasa hivi.

Mwanao,
Atupele


Tunduma,
24 Julai 1998

Atupele,

Nimeisoma barua yako nikafunga duka kabla ya saa za kufunga.

Hati haijatoka, nilipoulizia wameniambia nirudi mwezi ujao. Siwezi kukuruhusu. Najua ninachokutwika si mzigo wa umri wako. Lakini afadhali baba yako adhani amekasirikiwa, huku yu hai, kuliko ajue akiwa peke yake. Hasira za mke mtu huishi nazo.

Mpake huyo malkia mwanangu. Mpake unavyomkumbuka.

Abrahamu


Igamba,
26 Julai 1998

Baba, shikamoo.

Malkia huyu hapa. Nimempa kitenge cha bluu, ndege nimewachora kwa sindano. Uso ni wa mama, nadhani hutahitaji kuambiwa. Nimembadilisha kidogo alivyokaa. Nimemfunga ndani ya kitambaa cheupe, umfungue taratibu, umtazame kama alivyo.

Wapambe nao nimewamaliza. Nao ni kama wale askari.

Baba, mama hakukasirika. Hilo naweza kuliandika.

Atupele


Johannesburg,
16 Agosti 1998

Atupele mwanangu,

Nimefungua kile kitambaa. Ni yeye. Ni yeye kabisa, mpaka ule mkunjo mdogo kando ya mdomo anaoupata akiwa anajizuia kucheka. Mzee mwenye duka hakuguna safari hii, alivua miwani.

Njiani alivunjika kidogo. Alifika ameng'oka kwenye kitako chake, amelala chali, mikono imekunjika kifuani. Gundi ya huko haifai, siyo kosa lako. Nimemrudisha wima na gundi ya hapa na kumnyoosha mikono, sasa hata ukimtikisa haanguki. Macho pia ulikuwa hujamchora, nadhani uliogopa kuuharibu uso mzuri kiasi kile. Nimemchorea mwenyewe. Nilizuia pumzi mpaka nikaona nyota, lakini ameyafumbua, na ananitazama kila ninapoingia. Wapambe umeshindwa tena na nywele zao, nitawatengeneza wiki hii.

Nimempa Watson kitenge kipya cha mama yako. Na haya yafuatayo ni yake, msomee akiwa amekaa.

Mama Atu. Mtoto ameandika kwamba hukukasirika, na nimejua kwa hilo tu kwamba umekasirika sana. Una haki. Nilisema mwaka mmoja, imekuwa miwili na zaidi. Nilidhani bati ndizo zitakazokufurahisha, kumbe ulikuwa unataka mtu wa kuutengeneza mlango. Nisamehe Enesi. Sikuwahi kukuambia kwamba kila jioni nikifunga duka nakusimulia yaliyotokea, kwa sauti, kama mwendawazimu. Sasa nakusimulia nikiwa nakutazama kwenye kabati. Nitumie neno moja tu. Hata la matusi.

Lusubilo


Johannesburg,
30 Agosti 1998

Atupele,

Najua.

Usimlaumu Watson wala baba yako mkubwa, hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimewapanga wale wapambe mezani, udongo wa kuumbia uko tayari, nimeshika kichwa cha wa kwanza. Leah akapita na ndoo yake. Huyu ni mama wa Karonga, Malawi, anayesafisha vioo vya duka letu, siku zote tunasalimiana kwa sababu milima ya kwao na ya kwetu ni ile ile. Alisimama akauliza ni nani aliyewanyoa hawa. Nikamjibu kwamba ni binti yangu, bado anajifunza, kila mara nywele zinamshinda.

Leah akaweka ndoo chini. Akasema, "Hazijamshinda, Baba Atu. Hawa wamefiwa. Kwenu nani kafa?"

Nilitaka kumcheka. Nikainua uso nimtazame malkia kwenye kabati, na nikakumbuka alivyofika. Kitambaa cheupe, amelala, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Yote uliniandikia, mwanangu. Ulifumba macho yake na mimi nikayafumbua. Ulimlaza na mimi nikamsimamisha kwa gundi, nikajisifu kwamba haanguki. Wafiwa wako nimewawekea nywele za harusi nikawaweka dirishani wapita njia wawatazame. Nilikuwa nakufundisha kupaka rangi, na hujawahi kuwa mwanafunzi hata siku moja. Mimi ndiye sikujua kutazama.

Nilikaa sakafuni pale pale. Leah akakaa nami, akanishika, wateja wakituruka kwenda kwenye meza zao. Mwambie kaka kwamba alichokiogopa hakikutokea. Kulikuwa na mtu.

Jioni ile nimemtoa malkia kwenye kabati. Nilimng'oa kwenye kitako, nikamkunja mikono ulivyokuwa umemkunja. Nilichanganya rangi ya ngozi yake, nyembamba kama maziwa, nikamfumba macho. Hiyo kazi ilikuwa yangu, nilipaswa kuifanya Igamba kwa mkono wangu. Kisha nikawatoa askari nikawakwangua nywele zote nilizowawekea. Nilipomaliza, Leah alichukua ule wembe akaninyoa mimi.

Mzee mwenye duka amenilipa na kunikumbatia. Nikishavuka siwezi kurudi, basi, sirudi. Malkia namleta mfukoni mwa shati.

Nakuomba kitu kimoja. Nimeambiwa na vinyago, nimeambiwa na mama wa Karonga. Sijaambiwa na mtu wangu. Wewe uliyenyamazishwa muda wote huu, niandikie sasa. Iache barua kwa kaka Tunduma, nitaisoma akiwa kando yangu. Niandikie pia, bila kunihurumia, kama aliondoka akiwa na hasira na mimi.

Baba yako


Igamba,
13 Septemba 1998

Baba,

Baba mkubwa ameruhusu. Amesema atakukalisha kwenye kiti chake cha dukani, yeye atakaa kulia na Watson kushoto. Kama bado umesimama, kaa kwanza.

Mama amefariki. Alifariki Jumamosi tarehe kumi na sita Mei asubuhi, kwenye gari, hatujafika Vwawa. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hakupiga kelele. Nilidhani amesinzia, nikamfunika masikio kwa sababu ya upepo, na ni baba mkubwa aliyeniambia nisihangaike tena. Tumemzika nyuma ya nyumba, upande wa kahawa. Watu walikuwa wengi. Niliandika kukuambia siku ile ile tuliponyolewa, na bahasha ile ninayo bado, lakini nimeona nikuandikie upya kwa sababu ile ina hasira.

Kitenge ulichomtumia sijakifungua. Barua yako niliisoma kwa sauti kaburini kama ulivyoagiza, yote, mpaka pale pa neno la matusi.

Umeuliza kama aliondoka na hasira. Baba, nilikuandikia kwamba yule mfupi mwenye ndevu yuko na mama. Alimmaliza siku alipoanza kuumwa kichwa. Alimpaka shati la kijani, lile uliloondoka nalo, akaacha nukta moja bila rangi pale kifungo kilipokosekana. Ndevu alizitia nyeupe kidogo, akasema zitakuwa zimeanza mvi na hakuna wa kumwambia. Macho alinikatalia nisimsaidie. Moja likaenda pembeni, akalitazama akacheka, akasema, "Mwache hivyo hivyo, ndivyo anavyotazama akisema atautengeneza kesho."

Kwenye gari alikuwa naye kiganjani. Akina mama walipomwosha walitaka kumtoa, wakasema si vizuri kumzika mtu na mdoli. Niliwaambia huyo si mdoli, huyo ni baba. Baba mkubwa akasema wamwache. Kwa hiyo ulikuwapo. Tulipofunga sanduku ulikuwa mkononi mwake, na vidole alikuwa amevifumba.

Tukufuate mpakani au tukusubiri nyumbani, utasema mwenyewe. Mlango wa jiko bado umeegeshwa na jiwe. Wengi wamekuja kutaka kuutengeneza, nimewakatalia.

Mwanao,
Atupele